Uzi: Nimefundisha Kiingereza Thailand miaka mitatu na nusu, ulizeni. Ila tuanze na viza

Ticha Kandambili (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Kila wiki humu ndani kuna mtu anauliza: "Jamani nimemaliza chuo, nasikia Asia wanatafuta walimu wa Kiingereza, ni kweli?" Majibu huwa ya aina mbili. Mmoja anasema ni utapeli, mwingine anaacha namba ya WhatsApp. Wote wawili hawajawahi kufika. Mimi nimefika, nimekaa, nimerudi, na wiki hii shule zimefungwa kwa hiyo nina nafasi ya kuandika.

Nilimaliza shahada ya ualimu, Kiingereza na Historia, mwaka 2017. Nikaomba ajira serikalini, nikasubiri. Nikafundisha tuisheni mtaani, nikashika vipindi kwenye shule binafsi moja ambayo sitaitaja, mshahara ukawa kama mvua za vuli: huenda zikanyesha, huenda zisinyeshe. Oktoba 2018 nikapanda ndege ya kwenda Bangkok kupitia Addis Ababa. Nikafundisha sekondari ya serikali mkoa wa Roi Et, kaskazini mashariki mwa Thailand, ukanda wanaouita Isaan. Nikarudi Aprili 2022.

Jambo la kwanza nililojifunza, na lilinigharimu maombi kumi na kitu yaliyokataliwa: Kiingereza chako hakiangaliwi mwanzo. Mwanzo inaangaliwa pasipoti.

Korea Kusini, viza yao ya walimu wa lugha, E-2, ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hata kama umemeza kamusi nzima, pasipoti ya Tanzania haimo. China nao kwa kawaida wanazitaka nchi hizohizo. Japani ndiyo ilinichekesha. Viza yao ya mwalimu inataka uwe umesoma angalau miaka 12 kwa lugha unayokwenda kuifundisha. Hebu tuhesabu. Mimi msingi nimesoma kwa Kiswahili, kwa hiyo miaka saba inaondoka. Sekondari sita, chuo mitatu, jumla tisa. Mwenzangu tuliyemaliza naye chuo, alisoma inglishi midiamu, ana 16. Tumekaa dawati moja chuoni, GPA yangu ilikuwa juu yake, lakini Japani yeye anahesabika na mimi sihesabiki, kwa sababu ya ada aliyolipa baba yake akiwa darasa la kwanza.

Thailand ilikuwa na mlango wa kupitia. Walitaka shahada, hati ya polisi ya tabia njema, na kwa kuwa sitoki nchi za "wenye lugha", matokeo ya mtihani wa Kiingereza. TOEIC walitaka 600, au IELTS. Nilipata 885 kwenye TOEIC. Mtu umefundishwa Jiografia, Baiolojia na hata Uraia kwa Kiingereza, halafu unalipa pesa uthibitishe kwamba unakijua.

Naendelea, ngoja nile kwanza.

Mbege Baridi

Nimewahi siti ya mbele. Endelea mwalimu.

Kamba ya Katani

Mkuu swali ni moja tu: hela. Hayo mengine tutasoma tukishapata hela.

Ticha Kandambili

Nilijua utakuja. Haya.

Mkataba wa kwanza ulikuwa kupitia wakala, baht 27,000 kwa mwezi. Wakati ule baht moja ilicheza kwenye shilingi 70, kwa hiyo piga hesabu: 1,890,000. Mwalimu wa shahada aliyekuwa anaanza kazi hapa, ngazi ya mshahara wa serikali ya TGTS D, alikuwa hafiki hata nusu ya hiyo. Ila usikimbilie kuzidisha mara 12. Wakala alilipa miezi kumi. Muhula wa kwanza kule unaanza katikati ya Mei, wa pili Novemba hadi Machi. Aprili yote unakula akiba.

Chumba chenye choo ndani na feni baht 3,000. Pikipiki ya kukodi 2,000, na huko mkoani bila pikipiki unakuwa mfungwa. Sahani ya wali na nyama 40, mchana tunakula shuleni bure. Mwezi mzuri nilitumia 11,000, mwezi mbaya 15,000. Inayobaki ndiyo nyumbani wanaigawana kabla hujaitoa benki, mnajua wenyewe.

Mwaka wa tatu shule ilinichukua moja kwa moja bila wakala. Baht 30,000, miezi 12. Hapo ndipo nilianza kuona nafuu.

Sasa gharama za kuondoka. Pasipoti 150,000. Tiketi ya kwenda tu 1,650,000. Viza dola 80, na mimi niliifuata ubalozi wao Nairobi, basi kutoka Dar kupitia Namanga, nikalala siku nne (siku hizi maombi yanafanyika mtandaoni, mshukuru Mungu). Halafu unatakiwa kuishi kama wiki sita kabla ya mshahara wa kwanza. Niliondoka na deni la milioni mbili na laki nane kwa mjomba. Nilimaliza kulilipa Septemba ya mwaka uliofuata, na hadi leo kwenye harusi za ukoo anaitaja hiyo hela kwenye kipaza sauti.

Kamba ya Katani

Duh. Kwa hiyo mwaka mzima unamlipa mjomba.

Ticha Kandambili

Miezi kumi na moja. Usiniongezee.

Chaki Nyeupe

Mkuu mimi nimesoma uhasibu, naweza? Na ile TEFL, kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, ya saa 120 inayouzwa mtandaoni, ni lazima?

Ticha Kandambili

Kuna walimu wengi tu kule wamesomea biashara, uuguzi, kilimo. Wanafundisha kwa kibali cha muda cha baraza la walimu la kule, linaitwa Khurusapha, kibali cha miaka miwili. Aliyesomea ualimu, njia yake ya kupata leseni kamili ni fupi. Kwa hiyo ile shahada ya elimu ambayo huku tunaionea aibu, kule ina uzito wake.

TEFL ya mtandaoni: zipo za bei ya kilo mbili za nyama na zipo za bei ya ng'ombe mzima, na hakuna chombo kimoja duniani kinachozisimamia. Mimi nilisoma ya bei ya chini ili niweke kwenye wasifu. Kwa China hiyo karatasi ya saa 120 ina kazi kwa mtu asiye na uzoefu wa miaka miwili. Ukitaka cheti ambacho kila mtu anakiheshimu ni CELTA ya Cambridge, wiki nne za kukimbizwa mchakamchaka na kutazamwa ukifundisha darasa la watu halisi, lakini bei yake si ya mtu aliyemaliza chuo jana.

Kingine: waombe chuo mapema barua ya kuthibitisha shahada yako. Si nakala ya cheti, namaanisha barua. Yangu ilichukua miezi miwili na safari tatu.

MseeWaThika

Salamu kutoka Kenya, wadau wa Bongo. Niko Nonthaburi, karibu na Bangkok, mwaka wa nne sasa. Namba ya TSC, tume yetu ya kuajiri walimu, ninayo tangu nimalize, kazi ya TSC ndiyo sijawahi kuiona.

Mwalimu amesema ukweli. Naongeza moja: usikubali kuingia na viza ya utalii ukiambiwa "tutabadilisha ukishafika". Nilikuwa na rafiki, siye Mkenya, alikubali. Shule ilikawia kutoa karatasi, siku zikaisha, ikabidi atoke nchini atafute viza upya jirani kwa pesa yake mwenyewe, na aliporudi nafasi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Viza ya kuja kufundisha inaitwa Non-B. Shule inakutumia karatasi ukiwa bado nyumbani. Kama haiwezi kukutumia, hapo hakuna kazi.

Na ukishaingia usilale. Kuna kibali cha kazi, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kijitabu cha bluu, halafu kila siku 90 unaripoti uhamiaji unakoishi. Ukibadili shule, viza inakufa na ile shule. Watu wengi wanakwama hapo: bosi anakuonea, lakini ukitoka kwake huna uhalali wa kukaa.

Ticha Kandambili

Msee wangu karibu. Hilo la viza kufa na shule lingepaswa kuandikwa juu kabisa.

Mgosi wa Milimani

Mimi nasema hivi, huu ni utumwa wa kisasa. Nchi haina walimu vijijini, nyie mnakwenda kuwafundisha watoto wa watu. Aibu.

Chaki Nyeupe

Mgosi, waliomaliza ualimu wako mtaani kwa maelfu wanauza chipsi. Nani amewakataza kwenda kijijini? Waitwe basi.

Mgosi wa Milimani

Wajitolee.

Chaki Nyeupe

Kodi ya chumba unalipa kwa kujitolea wewe?

Ticha Kandambili

Tusigombane wakuu, tutafika hapo. Nizungumzie darasa, maana hakuna anayeuliza na ndiko nilikojifunza kitu.

Kipindi changu cha kwanza: kidato chao cha kwanza, wanaita Matthayom 1, watoto 48. Kwangu 48 ni darasa dogo, kwenye mazoezi ya kufundisha hapa nilikuwa na 93. Nikaingia. Wakasimama wote, wakaimba ile salamu. Ileile! Ile tuliyoimba sisi, yenye mdundo, mwalimu akiuliza hali mnajibu mko salama na asante hata kama nusu yenu mna malaria. Nilikaribia kulia. Nikafundisha dakika 50. Kila nilipouliza mmeelewa, wakaitikia ndiyo kwa sauti moja. Nikatoka nimefurahi.

Kesho yake nikatoa zoezi. Sifuri. Si mbilimbili wala tatutatu, sifuri tupu, na waliojibu walinakili swali.

Mmarekani niliyefundisha naye, mtu mwema sana, aliniambia hawa watoto ni wavivu. Mimi nikakumbuka Januari 2008, sekondari ya kata, mimi nimetoka darasa la saba la Kiswahili nikiwa wa tatu kwenye mtihani wa shule. Mwalimu wa Baiolojia akaingia akaandika ubao mzima kwa Kiingereza, akasoma, akageuka akauliza kama tumeelewa. Tukaitikia ndiyo, watu 70. Hakuna hata mmoja aliyejua kilichoandikwa. Ile ndiyo ilikuwa njia ya kumfanya aondoke bila kumuudhi.

Wathai wana neno lao, kreng jai. Ni ile hali ya kuona soni kumsumbua mkubwa, kumstahi hadi unaumia wewe. Mtoto hatasema hajaelewa kwa sababu atakuwa amemwambia mwalimu kwamba hakufundisha vizuri. Yule Mmarekani hakuwahi kukaa upande ule wa dawati, kwa hiyo "ndiyo" kwake ilikuwa ndiyo. Mimi "ndiyo" ya darasa zima naijua harufu yake.

Nikaacha kuuliza kama wameelewa. Nikawa nawapa sentensi zilizokatwa wazipange, wawili wawili, wanaelezana kwa Kithai kwanza. Mkuu wa idara hakupenda, alitaka wasikie Kiingereza tu. Nilikuwa nafunga mlango.

Halafu matamshi. Mthai kwenye maongezi ya kawaida r yake inageuka l. Walimu wengine walikuwa wanakasirika. Mimi nimekulia na watu wanaokwenda kupiga "kula" siku ya uchaguzi, nikakasirike vipi? Na mwisho wa neno: sisi hatupendi neno liishe na konsonanti, tunalivalisha irabu. Wao wanaibana. Neno la Kiingereza la gari la abiria sisi tumelifanya basi, wao ile s ya mwisho inawagandia kwenye meno inakuwa t, wanasema "bat". Nikawaandikia ubaoni: hivi ndivyo kwetu tunavyokosea, hivi ndivyo nyie mnavyokosea. Wakacheka kama wehu. Kuanzia siku ile mtoto akikosea anasema "ticha, basi!" na mimi namjibu "bat!" Na ndiyo, kule nako mwalimu anaitwa ticha, kwa lafudhi ambayo ungedhani uko Tandika.

Kitu kimoja sikukizoea: hakuna kufeli. Mtoto akipata sifuri unampa mtihani wa marudio hadi apite, na kama hujui namna ya kumpitisha, ofisi inajua.

Mwanamtoni

Kaka umeandika vizuri, lile la soni limenigusa. Lakini sisi wanawake weusi tunaishije huko? Nywele, usalama, watu kutukodolea macho. Na kwenye matangazo nimeona wanataka picha, kwa nini?

Ticha Kandambili

Dada yangu, picha ni kwa sababu hiyohiyo unayoifikiria. Nimewahi kufanya usaili wa simu ukaenda vizuri mno, wakaniomba picha, kimya hadi leo. Kuna matangazo yanaandika wazi wanataka wa nchi fulani, na kuna yasiyoandika ila ukituma picha unajibiwa nafasi imejaa. Duka lolote la vipodozi kule, rafu nzima ni krimu za kung'arisha ngozi, kwa hiyo rangi si jambo wanalolichukulia kwa wepesi hata wao kwa wao.

Mkoani ilikuwa tofauti kidogo. Wiki mbili za kukodolewa macho, watoto kugusa mkono waone kama rangi inatoka, halafu ukawa ticha tu. Mama aliyeuza wali nje ya shule alikuwa ananiwekea pilipili kidogo bila kuambiwa. Usalama wa usiku sikuwahi kuwa na shida, ila mimi mwanaume, ajibu anayejua.

Nywele za Kusuka

Nilikuwa Chiang Mai, hukohuko Thailand, 2017 hadi 2019, mwanamke, Mganda mwenye mama Mtanzania. Usalama mzuri kuliko Kampala, nilirudi kwa miguu saa nne usiku bila wasiwasi. Nywele: nenda umesuka, na beba rasta za miezi sita. Wasusi wapo Bangkok lakini bei utalia. Shuleni waliniomba nizifunge nyuma, basi. Viatu vya ngozi na sketi inayofunika magoti, kule mwalimu ni mwalimu, hata mzazi anakuinamia na kuunganisha viganja.

Kilichoniuma ni mzazi mmoja aliyeomba mwanawe ahamishiwe darasa la mwalimu mzungu. Yule mzungu alikuwa Mrusi, na Kiingereza chake, Mungu amsaidie.

Guangzhou Mbali

Mrusi hahahaa. China wako wengi.

Mimi nilikuwa China kwa ufadhili wa masomo, viza ya mwanafunzi. Niliokuwa nao wengi walifundisha chekechea jioni na wikiendi, malipo kwa saa, taslimu. Wakuu, msifanye. Sheria yao ya uhamiaji iliyoanza kutumika 2013 iko wazi: kufanya kazi bila kibali ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na ikiwa kosa zito unawekwa ndani siku 5 hadi 15 juu yake, na unaweza kufukuzwa nchini. Wenye vituo wanajua polisi wakija mlango wa nyuma uko wapi. Wewe hujui. Nimeona mtu amebakiza muhula mmoja wa shahada ya uzamili akarudishwa na begi moja.

Na tangu Julai 2021 serikali yao ilipobana vituo vya tuisheni vya kibiashara kwa watoto wa shule, nafasi nyingi za Kiingereza zilikufa, hata zile za kufundisha kwa mtandao ukiwa nje ya China. Anayekutangazia leo "China wanahitaji walimu maelfu" anauza kitu cha zamani.

Mdaiwa Sugu

Naomba kuuliza bila kutajana: Bodi ya Mikopo wanakufuata huko?

Ticha Kandambili

Jina lako limejibu nusu ya swali.

Hawakufuati, wanakusubiri. Ukiajiriwa hapa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukiwa nje hakuna anayekata, lakini ile miezi 24 ya neema baada ya kumaliza chuo ikiisha unahesabika unatakiwa kulipa deni. Mimi niliomba namba ya malipo mtandaoni nikawa natuma laki na nusu kila baada ya miezi miwili. Niliporudi 2022 nilikuta wenzangu wana mshangao kwenye taarifa zao za deni, mimi sikuwa nao.

Mwana wa Darajani

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, Oman, nnasomesha Kiingereza skuli ya binafsi, mwaka wa sita. Naona nyote mwaangalia mashariki ya mbali, na huku karibu? Masharti huku ni shahada ya Kiingereza au ualimu, iliyogongwa mihuri yote, kuanzia wizara ya mambo ya nje nyumbani hadi ubalozi wao. TEFL peke yake hawaitazami. Nyumba na tiketi ya likizo mara nyingi zimo kwenye mkataba, usome kabla ya kutia saini.

Raha yake ni kuwa siku ya wazazi mama mmoja mtu mzima, bibi wa mwanafunzi wangu, alinisikiliza kwa Kiingereza, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kwenu Unguja mtaa gani?" Babu yake kazaliwa Malindi yetu. Tukamaliza kikao kwa Kiswahili, na mtoto kakaa kimya hajui tunamsema nini. Sasa anajua, maana bibi yake kaanza kumfundisha.

Lugha Tamu

Hapo umenifungulia mlango mkuu. Watu mnang'ang'ania kufundisha lugha ambayo pasipoti yenu inawakatalia, na mnayo nyingine ambayo hakuna wa kuwashindanisha nayo. Kuna mpango wa Fulbright, ule ufadhili wa serikali ya Marekani, unaitwa FLTA. Kwa miaka mingi umekuwa ukiwachukua walimu vijana wa Kiingereza, wakiwemo Watanzania na Wakenya, na kuwapeleka vyuo vikuu vya Marekani kufundisha Kiswahili mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa, na wewe mwenyewe unasoma kozi kadhaa pale. Viza ni J-1, posho unapewa, na ukimaliza unarudi nyumbani. Kuna na kipengele cha kukaa kwenu miaka miwili kabla ya kuomba viza fulani za huko, kwa hiyo usiende ukiwa na mawazo ya kuzamia.

Kiswahili kinafundishwa Beijing, Seoul, Osaka. Nafasi chache, sikatai.

MseeWaThika

Kweli, ila FLTA ni watu wachache kwa mwaka na huku waliomaliza ni bahari. Huwezi kumwambia kila mtu asubiri Fulbright.

Niseme jambo zito kidogo. Kuna matangazo ya kazi "Thailand" ambayo hayaishii Thailand. Unatumiwa tiketi ya bure hadi Bangkok, hujafanya usaili wa maana, mshahara wa dola, wakati mwingine wanasema ni mauzo au huduma kwa wateja. Dereva anakupokea uwanja wa ndege, anaendesha kaskazini magharibi kama kilomita 500 hadi Mae Sot, mji wa mpakani. Usiku unavushwa Mto Moei. Ng'ambo ni Myawaddy, Myanmar. Huko ni kambi za utapeli wa mtandaoni, pasipoti inachukuliwa, unapigwa usipofikisha malengo. Serikali yetu Kenya ilitoa tahadhari tangu 2022. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa kule wakarudishwa upande wa Thailand, na watu wa Afrika Mashariki walikuwemo.

Ukitoka uwanja wa ndege, fungua ramani ya simu. Shule yako ilisema iko mkoa gani? Kama gari linaelekea kwingine, teremka kwenye kituo cha mafuta upige kelele.

Mbege Baridi

Nilikuja kucheka, sasa nimeogopa.

Ticha Kandambili

Asante Msee. Na nyumbani Tanzania tuna TaESA, huduma ya ajira ya serikali, wapigie uwaulize kama huyo wakala anayetangaza kwenye magrupu amesajiliwa kupeleka watu nje. Wakala aliyenipeleka mimi hakuchukua senti kutoka kwangu, alilipwa na shule. Anayetaka "ada ya nafasi" kabla ya mkataba, muulize jina la shule kisha ipigie shule yenyewe.

Mgosi wa Milimani

Sasa mleta uzi kama kulikuwa kuzuri hivyo ulirudi kwa nini?

Ticha Kandambili

Swali zuri, Mgosi, kwa mara ya kwanza.

Korona ilikuja. Muhula wa Mei 2020 ukasogezwa hadi Julai, kisha darasa likagawanywa nusu, hawa leo wale kesho, na mengine tukafundisha kwa LINE, hiyo ndiyo WhatsApp yao. Baba aliumwa 2021 na sikuweza kuja. Alipona. Lakini zile wiki tano za kuangalia simu usiku, tofauti ya saa nne, nyumbani ndiyo kwanza jioni na mimi natakiwa nilale nifundishe asubuhi, sikutaka kuzirudia.

Sasa nafundisha hapahapa, shule binafsi, kidato cha kwanza. Januari wanaingia kutoka shule za Kiswahili, naandika ubaoni, nawauliza kama wameelewa kwa makusudi, wanaitikia ndiyo. Ndipo nawaambia kuhusu basi na bat.

Chaki Nyeupe

Wakuu mimi yule wa uhasibu. Nina usaili wa video keshokutwa! Shule ya Khon Kaen, saa tatu asubuhi yao. Wamesema nitafundisha somo la dakika tano mbele yao.

Ticha Kandambili

Hongera! Saa tatu yao ni saa kumi na moja alfajiri kwako. Weka luku ya kutosha na uwe na bando, usitegemee Wi-Fi ya jirani. Vaa shati na tai. Beba vitu vya kushika mkononi: machungwa, kijiko, kofia. Usifundishe sarufi. Na usiwaulize kama wameelewa.

Chaki Nyeupe

Mrejesho wakuu. Umeme ulikatika dakika ya tatu, nikaendelea na tochi ya simu ya dada, nimeshika chungwa. Walicheka. Wameomba barua ya chuo ya kuthibitisha shahada.

Leo nipo kwenye foleni chuoni, wa 31.